Nafasi Nyeupe ya Ukurasa wa Tatu

Kazini walimwita Kinyozi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Habari iliingia mezani kwake na ndevu zake, masharubu yake na miba yake. Ikitoka hapo ilikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga, haina pa kumchoma mtu yeyote mwenye cheo.

Hakuna aliyembeba. Aliingia kwenye jengo la gazeti akiwa mchemsha chai wa wapiga chapa, akajifunza kusoma kurasa zikiwa bado mbichi na wino unashika vidole, akawa msahihishaji, kisha akapewa meza, kisha meza ikapewa dirisha. Waliosoma kumzidi walikuja na vyeti vyao wakaondoka, wengine kwa hiari, wengine kwa gari lisilo na namba. Yeye alibaki. Siri yake haikuwa siri: alijua kujadiliana bei. Wengine hujadiliana bei ya viatu au ya kabati. Yeye alijadiliana bei ya maneno.

Mwandishi kijana alikuja na neno "wameiba". Kinyozi alilitazama kama mama anavyotazama nyanya iliyopondeka.

"Hili ghali, mdogo wangu. Nipe la nafuu."

"Niseme 'zimeibwa'?"

"Mwizi umemficha, lakini wizi bado unanuka. Teremka."

"Zimepotea?"

"Sasa tunaongea. Sema 'bado hazijaonekana', nami nitakuwekea na picha yako juu."

Kijana angelalamika kidogo, kama mnunuzi anayejifanya anaondoka, kisha angerudi. Wote walirudi. Picha ni picha, na mama zao waliikata wakaibandika ukutani.

Nyumbani nako mkono ulikuwa umezoea. Mkewe akisema jirani kawamwagia maji machafu mlangoni, Kinyozi alisema maji yameelekea upande wetu. Mkewe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, misumari na rangi na koki za bomba, na bei zake zilikuwa zimebandikwa kwenye maboksi kwa wino mzito. Hakupunguza wala hakuongeza. "Mume wangu," alimwambia siku moja, "msumari ni mrefu au ni mfupi. Hauwezi kuwa 'unadaiwa kuwa mrefu'." Kinyozi alicheka, kwa sababu kucheka ni jibu lisilonukuliwa.

Mtoto walikuwa naye mmoja, binti, mwaka wa mwisho sekondari, mwenye macho makavu ya mama yake. Huyo ndiye aliyekuwa mwiba wake. Tangu alipojua kusoma vizuri alikuwa ameacha kusoma gazeti la baba yake. Asubuhi alilipindua, akalirudisha mezani.

"Umemaliza mara hii?"

"Nimemaliza, baba. Jua limechomoza na mheshimiwa amefurahi."

Mtu anaweza kuvumilia dharau ya wakubwa, maana hiyo hulipwa mshahara. Dharau ya mtoto wako wa pekee, anayeila nyama ya mshahara huo huo huku akikutazama hivyo, hiyo haina posho.

Kwa hiyo lile lililotokea siku binti aliporudi kutoka ziara ya shule lilimkuta Kinyozi na njaa ya muda mrefu. Shule ilikuwa imewapeleka Makumbusho ya Habari na Uhuru wa Kuandika, jengo jipya lenye vioo. Binti aliingia sebuleni bila kuvua viatu.

"Baba, ukurasa wa tatu ulikuwa unaushika nani, mwaka ule niliozaliwa?"

"Mimi," alisema Kinyozi, kwa sababu ilikuwa kweli na hakuona hatari.

"Ni wewe!"

Akamweleza. Ndani ya sanduku la kioo kulikuwa na ukurasa wa tatu wa gazeti lao, umekuwa wa manjano, na katikati yake shimo jeupe, kubwa kama dirisha la jela, bila herufi hata moja. Chini yake kibao: *Mhariri asiyejulikana aliacha nafasi hii wazi kuwaambia wasomaji kwamba ukweli ulikuwa umezuiwa.* Mwalimu wao alilia mbele ya kile kioo. Na mhariri mwenyewe kumbe yuko nyumbani, amevaa kandambili, anasubiri taarifa ya hali ya hewa!

Kinyozi alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Kunyamaza ndiyo ilikuwa taaluma yake, na taaluma haimtupi mtu. Jioni hiyo binti alimletea chai bila kutumwa. Kesho yake alisoma gazeti, akatafuta kati ya mistari, akasema, "Hapa umeficha kitu, eti baba?" Kinyozi akatabasamu kama mtu mwenye mengi. Mwenye njaa haulizi chakula kimetoka jiko gani.

Shimo lile jeupe yeye alilijua lilivyozaliwa. Usiku wa kuchapa, simu ya juu ililia. Aliyepiga hakutaja jina. Watu wa namna ile hawana haja ya jina. Ile habari ya ukurasa wa tatu, alisema, ina tatizo. Kinyozi akaingia sokoni. Akatoa jina la mheshimiwa. Haitoshi. Akatoa mtaa. Haitoshi. Akatoa bomba, akatoa lori, akatoa maji yenyewe. Mwisho ukabaki mstari mmoja: *Wananchi walihudhuria.* "Walihudhuria nini?" iliuliza simu. Kinyozi aliona hoja ni ya maana, akautoa na huo. Palipobaki patupu alipanga kuweka tangazo la magodoro, lakini mtu wa matangazo alikuwa ameenda kwenye msiba na ufunguo wa kabati. Mitambo ilikuwa inanguruma, dereva wa kusambaza anapiga honi. Ukurasa ukaenda hivyo hivyo, na shimo lake.

Asubuhi mji mzima ulisimama. Watu walilinyanyua gazeti kwenye mwanga kutafuta maandishi ya siri. Wanafunzi wa chuo walilibandika milangoni. Kinyozi aliitwa ofisi moja isiyo na kibao, akaeleza habari ya magodoro na msiba, akaaminika papo hapo, kwa kuwa waliomhoji ndio waliopiga simu. Huenda yeye ndiye shujaa pekee aliyeruhusiwa na mamlaka husika.

Sasa makumbusho walikuwa wamempigia. Binti alikuwa amewaandikia. Walitaka kuondoa neno "asiyejulikana" na kuweka jina lake kwenye shaba, mbele ya familia, siku ya mapumziko. Na binti alikuwa ameshatangaza kwamba chuoni atasomea uandishi, si uhasibu tena. "Kama baba," alisema, na Kinyozi, mzee mzima, akaenda kusimama uani kidogo. Kwa miaka yote hakuwahi kutazamwa hivyo ndani ya nyumba yake, na mtu wa biashara anajua thamani ya kitu adimu. Hakuwa tayari kukirudisha dukani.

Siku ilipofika walikwenda wanne, kwa gari la dukani: yeye, mkewe kwenye usukani, binti, na mama mkwe, ambaye hakualikwa lakini alikuwa ameshavaa. Mama mkwe aliishi mtaa wa juu, kilimani, na alikuwa na ulimi ambao Kinyozi hajawahi kuupunguzia bei.

"Mkwe wangu," alisema njiani, "kumbe ulikuwa simba na sisi tunakupa makombo ya paka."

"Ah, mama, ni mambo ya zamani."

"Simba hana zamani. Au manyoya yalinyolewa?"

Mlangoni mlinzi aliwapokonya simu, kisha kamera, kisha kalamu.

"Kalamu nazo?" aliuliza binti.

"Wageni wanaandikaandika," alisema mlinzi, kwa masikitiko ya mtu aliyeona mengi.

Ukumbi wa kuingilia ulikuwa na picha moja tu, kubwa kuliko mlango: mheshimiwa mmoja mwenye afya, anacheka, mkasi mkononi, anakata utepe. *Mlezi wa Makumbusho Yetu*, ilisema. Kinyozi alipunguza mwendo. Hakuwa amefikiria kuuliza mlezi ni nani. Miaka ilikuwa imemnenepesha mheshimiwa lakini haikumbadilisha. Alikuwa yule yule aliyefungua bomba.

"Huyu namjua," alisema mama mkwe. "Si ndiye alikuja mtaani kwetu kutufungulia maji?"

"Yakatoka, bibi?" aliuliza binti.

"Yalitoka siku ile. Tulicheza mpaka nikapoteza kiatu."

"Twendeni, twendeni, wanatusubiri," alisema Kinyozi, akamshika mama mkwe kiwiko. "Mama, pale kuna kiti. Ungekaa upumzishe miguu, sisi tuzunguke kidogo tukurudie."

"Miguu yangu inapanda kilima na ndoo kichwani. Itashindwa na vigae?"

Akaongozana nao. Msimamizi wa makumbusho alikuja kuwapokea, kijana mwembamba mwenye kadi shingoni na sauti ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Alimshika Kinyozi mikono yote miwili. "Mzee wetu," alisema. "Mzee wetu, mzee wetu."

Aliwaonyesha mitambo ya kale nyuma ya kamba. Aliwaonyesha chumba cha mahabusu cha mfano, chenye kitanda cha saruji na ndoo. Mama mkwe alichungulia. "Hata ndoo wamepewa," alisema. Kulikuwa na jukwaa dogo lenye maikrofoni na maandishi *Sema Ukweli Wako*. Mke wa Kinyozi aliinama, akaufuata waya kwa jicho la duka, akaukuta umekatika nusu ya njia.

"Haijaunganishwa hii."

"Ilikuwa imeunganishwa, mama," alisema msimamizi. "Watu wakawa wanasema."

Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango wenye maandishi ya dhahabu, *Uhuru wa Habari Leo*, na kufuli.

"Chumba hiki kipo kwenye matengenezo," alisema msimamizi.

"Tangu lini?" aliuliza binti.

"Tangu tufungue."

Binti alimtazama baba yake kwa jicho la washirika wawili wanaojua mengi, na Kinyozi akarudisha jicho hilo, ingawa halikuwa lake. Moyoni alikuwa anahesabu mambo mengine: hotuba ifupishwe, shaba ifunuliwe, mama mkwe arudishwe garini kabla ulimi wake haujapata upepo.

Mbele ya sanduku la kioo walikuwa wamekusanyika wageni kadhaa, mume na mke na mtoto wao mwenye puto, walimu wawili, mzee mmoja aliyeingia kukwepa jua. Ukurasa wa tatu ulilala chini ya taa. Pembeni, kitambaa chekundu kilifunika shaba. Msimamizi alijikohoza.

"Ndugu wageni, nafasi hii haisemi kitu. Na kwa kutosema kitu, imesema kila kitu."

Walipiga makofi. Mwalimu mmoja aliguna kwa uchungu mzuri. Msimamizi akavuta kitambaa, na majina ya Kinyozi yakang'aa, yote matatu, la kwake, la baba na la babu, kama jina la mtu aliyekufa vizuri. Binti alimshika baba yake mkono. Mkono ulikuwa wa moto. Kinyozi alifikiri: hapa, basi, hapa tusimame, tusiende mbele tena.

"Samahani, mwanangu," alisema mama mkwe, akimwelekea msimamizi. "Hongera kwa kazi. Mimi sikusoma sana. Kwani hapo palikuwa na nini, kabla hapajakuwa na kitu?"

"Swali zuri sana," alisema msimamizi. Kila mtu aliyewahi kuuza kitu anajua maana ya maneno hayo: mzigo haupo. "Watafiti wetu, mama, wamejikita zaidi kwenye nafasi yenyewe."

"Mtu akikuonyesha sahani tupu humwulizi chakula kilikuwa kipi?"

"Bibi naye!" Binti alicheka. Kisha uso wake ukafunguka. "Lakini kweli. Hata mimi sijawahi kuuliza. Baba si yupo? Baba, ilikuwa habari gani?"

Aliuliza kwa fahari, kama anayemsogezea mzee kiti cha mbele. Watu wakageuka. Kinyozi alitafuta kwenye ghala lake neno la bei ya chini kabisa.

"Ilikuwa habari ya... huduma za jamii."

"Huduma gani?"

"Maji, maji tu hivi."

"Maji ya wapi?"

"Sehemu za juu huko."

"Juu wapi, baba?"

Alikuwa ameuza maneno maisha yake yote kwa watu wanaotaka punguzo. Sasa mbele yake alisimama mnunuzi anayepandisha bei, na kila neno alilompa alilirudisha na kutaka la ghali zaidi. Hakujua soko la namna hiyo linaendeshwaje.

"Kilimani," alisema. "Kwa bibi yako."

Mama mkwe aliacha kujipepea.

"Kulikuwa na bomba, likafunguliwa, na kiongozi mmoja..."

"Kiongozi yupi?"

Macho ya Kinyozi yalifanya kosa ambalo kalamu yake haikuwahi kulifanya: yalikwenda ukumbi wa kuingilia. Macho ya wote yakayafuata. Kutoka pale walipo, kupitia milango miwili, mheshimiwa alionekana vizuri, anacheka na mkasi.

"Enhe," alisema mkewe, taratibu. "Endelea."

"Bomba halikuwa limeungwa kokote. Nyuma ya ukuta kulikuwa na lori la maji na mpira. Alipofungua koki, dereva naye akafungua. Mwandishi wetu alizunguka ukuta kwenda kujisaidia, akaliona."

"Lori," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Nilisikia harufu ya dizeli. Nikawaambia wenzangu, hiyo ndiyo harufu ya maendeleo."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mtoto wa puto, na yeye alicheka kwa mambo yake. Mama mkwe alikuwa anatazama ukurasa ndani ya kioo, pale peupe, kama mtu anayesoma.

"Kumbe ndiyo maana!" alisema binti, na sauti yake ilikuwa bado inamkimbilia baba yake, bado inamfungulia mlango. "Wakakukataza, ukaacha wazi, ili watu waulize! Si ndivyo, baba?"

Ndivyo, angesema, na mambo yangekwisha. Neno moja, tena rahisi, na shaba ilikuwa imeshachongwa. Alikuwa ameshafungua mdomo kulitoa, ila mama mkwe alimtangulia.

"Jumapili ile ile alikula kwangu," alisema, hamwambii mtu yeyote hasa. "Nikamwambia, mkwe wangu, bomba limekauka siku ya pili yake. Akaniambia, mama, wahusika wanalishughulikia. Nikamwongezea mchuzi."

Mkono wa binti ulikuwa bado ndani ya mkono wake, lakini haukuwa unashika tena, ulikuwa umewekwa tu.

"Baba. Kwa nini uliacha wazi?"

"Tangazo la magodoro lilichelewa," alisema Kinyozi.

Yule mzee aliyekwepa jua alipasuka kicheko, akajiziba kwa kofia. Mwalimu aliyeguna aligeuka kumtazama mwenzake kana kwamba ndiye aliyemlaghai. Binti alitoa mkono wake, si kwa nguvu. Aliutoa kama mtu anavyoutoa mkono kwenye kitu alichokuwa anapapasa dukani, akagundua kina ufa.

Msimamizi ndiye aliyepata kauli kwanza. "Tunaweza kusema," alisema, na sauti yake laini ikawa laini zaidi, "kwamba nafasi ilitokana na changamoto za kiufundi katika mazingira ya wakati ule. Habari yenyewe tuiite ya mazingira. Kiongozi hatuna haja naye." Kinyozi alimtazama kwa heshima ya fundi kwa fundi. Kijana alikuwa na kipaji. Angempa meza yenye dirisha.

"Na lori?" aliuliza mama mkwe.

"Tuseme... usafiri."

Hapo mfuko wa msimamizi ulilia. Simu za wageni zilikuwa kwa mlinzi, lakini yake haikuwa ya mgeni. "Ndiyo, mheshimiwa," alisema akirudi nyuma. "Hapana, mheshimiwa. Ni familia tu, mheshimiwa." Nani alikuwa amepeleka taarifa upesi hivyo hakujulikana, labda maikrofoni ile ilikuwa na waya mwingine. Aliporudi alikiokota kitambaa chekundu sakafuni, akakifunika juu ya shaba kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemfunika mgonjwa, akawaomba wageni wasogee. Sehemu hii, alisema, inaingia kwenye matengenezo.

Nje jua lilikuwa kali. Mlinzi aliwarudishia simu na kalamu bila kuuliza lolote, maana alikuwa mlinzi mzoefu. Mama mkwe alikaa kwenye ngazi za makumbusho, akavua viatu, akanyoosha miguu.

Kinyozi alisimama ngazi moja chini yake. Alikuwa anatunga. "Mwanangu," alianza, "kazi ile ilivyokuwa wakati ule, mtu ungeweza—"

"Baba, subiri kidogo." Binti alikuwa ameketi karibu na bibi yake, amegeuza karatasi ya matangazo ya makumbusho upande usio na maandishi. "Anaongea aliyekuwepo. Bibi, siku ile ilikuwaje? Anza mwanzo."

"Mwanzo nilivaa nguo yangu ya harusi ya shangazi yako."

"Hiyo niiweke?"

"Weka! Unafikiri nilikwenda uchi kupokea maji?"

Mama mkwe aliongea. Alieleza ukuta mpya uliopakwa chokaa upande mmoja tu, ngoma, koki iliyofungwa utepe, mheshimiwa alivyokunywa kwanza yeye kisha akawapa. Alieleza mwenzake aliyejaza ndoo na kulia. Alieleza asubuhi ya pili, foleni ndefu mbele ya koki iliyokohoa upepo, na jinsi walivyokubaliana kwamba kosa ni lao, wameifungua vibaya. Waliifungua kwa zamu, kwa adabu, wiki nzima. Binti aliandika bila kuinua kichwa. Mara moja Kinyozi aliona mstari ambao yeye angeutoa, kisha akaona kwamba huo ndio wenye maji.

"Jina lako niandike, bibi? Au ulifiche?"

"Nilifiche nimeiba kuku? Andika. Weka na la baba yangu, asije mtu akasema ni bibi mwingine." Akayataja yote mawili, herufi kwa herufi, mpaka mlinzi akasikia.

Binti akageukia ngazi ya chini. Macho makavu yale.

"Na lako, baba?"

Kinyozi alisita. Tabia ni ngozi. "Ungeandika 'mhariri mmoja'."

"Ona huyo!" alisema mama mkwe. "Ndani alipewa shaba kayapokea majina yote matatu. Huku kwenye karatasi ya bure hana hata moja."

Mkewe alikuwa ameegemea gari, funguo zinalia mkononi. Alikuwa anamtazama kama anavyomtazama mteja ambaye ameshaisoma bei kwenye boksi na bado anauliza.

"Andika," alisema Kinyozi. "Lakini la mwandishi litangulie. Yeye ndiye aliyeiona. Mimi niandike kwamba niliikata."

"Kwa amri?"

"Kwa simu. Amri nisingejadiliana nayo."

Binti aliandika. Hakumshukuru wala hakumsifu. "Huyo mwandishi yuko wapi sasa?"

Aliacha kazi asubuhi ile ile, alipofungua ukurasa akakuta peupe. Kinyozi alikuwa amemwambia, kwa nia njema kabisa, "Nimekuachia nafasi kubwa." Sasa alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko la mbao. Kinyozi alikijua vizuri kibanda hicho. Kila siku akienda kazini alikaa upande wa pili wa basi.

"Anapatikana," alisema.

"Kibanda chake kinafunguliwa leo?" aliuliza mkewe.

"Nafikiri. Lakini tungempigia kwanza, kumwandaa kidogo..."

"Namba yake unayo?"

Hakuwa nayo. Mkewe akafungua mlango wa gari, akasogeza makopo ya rangi ili mama yake apate pa kukaa. Kinyozi aliwekwa mbele, aelekeze njia. Mama mkwe alilalamika juu ya dirisha, dirisha likashushwa, akalalamika juu ya upepo.

Kwenye taa za barabarani binti aliegemea mbele, karatasi gotini.

"Tukifika, nani ataanza kuongea naye?"

"Mimi," alisema Kinyozi, na safari hii hakuongeza kitu.

Binti alifikiri. "Hapana. Aanze bibi. Wewe utakuja baadaye, nikikuita."

Kinyozi aligeuka kuomba apunguziwe. Akautazama uso ule, akaona bei imebandikwa.

"Sawa," alisema. "Hapo mbele, kata kushoto."